Mtoto wa Deni Lililosamehewa

Nimekuwa kimya kwa wiki mbili tatu hivi. Nilikuwa nyumbani Lushoto kwa likizo fupi, na wanaokujua kule wanajua kwamba mtandao nao huwa unapanda mlima kwa kupumzika. Sasa nimerudi Dar, na nimerudi na jambo linalonizunguka kichwani. Naomba nilitue hapa.

Wengi mnajua kwamba mimi ni mwandishi wa gazeti, dawati la uchumi. Kazi yangu kubwa ni kuandika habari ambazo hata mama yangu hazisomi. Benki ya Dunia yaidhinisha mkopo. IMF yapongeza ukuaji wa uchumi. Washirika wa maendeleo wakutana Dodoma. Naandika aya nane, mhariri anakata zinabaki tano, gazeti linatoka, na kesho yake muuza maandazi analifungia bidhaa yake. Lakini nikikaa kijiweni jioni swali ni lilelile: wewe si ndiye unayeandika mambo haya, hebu tuambie, hawa jamaa wanatusaidia au wanatunyonya?

Kijiweni kuna majibu mawili tu. Wa kwanza wanasema hawa ni wakoloni waliobadilisha suti. Wa pili wanasema bila wao tungekuwa bado tunapanga foleni ya sukari na sabuni. Kila upande una mzee wake, una mifano yake, na kila upande unapiga meza. Mimi kwa muda mrefu nilikuwa nasikiliza tu. Sasa nimeamua kujibu, ila sitajibu kwa kuanzia Washington. Nitaanzia Lushoto, kwa sababu huko ndiko ninakojua nani alisoma na nani hakusoma, barabara ipi ilitengenezwa na ipi ilibaki ahadi.

Kwanza tuwatambue tunaowazungumzia, maana kijiweni wote huwa wanafungwa kwenye gunia moja. Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, ndilo hilo IMF, vilizaliwa pamoja Julai 1944 katika mkutano wa Bretton Woods, Marekani. IMF inakopesha nchi iliyoishiwa fedha za kigeni. Benki ya Dunia inakopesha miradi na mipango ya maendeleo: shule, barabara, umeme, kilimo. Sisi tulijiunga na vyote viwili Septemba 1962, uhuru ukiwa haujafikisha hata mwaka. Shirika la Biashara Duniani ni mdogo wao. Lilianza Januari 1995, na lenyewe halikopeshi mtu. Linasimamia kanuni za nani anamuuzia nani na kwa ushuru gani.

Haya, tupande mlima sasa.

Nilizaliwa 1998, kitinda mimba katika nyumba ya watoto sita. Dada yetu mkubwa amenizidi miaka 14. Mwaka 1997 alikuwa darasa la tano, na ndio mwaka aliotoka shule. Hakuna aliyemfukuza kwa bakora. Kulikuwa na ada, kulikuwa na michango, kulikuwa na sare na madaftari, na nyumbani kulikuwa na watoto wengine wa kiume waliokuwa wanasubiri. Baba akapiga hesabu zake kama walivyopiga wababa wengi mlimani mwaka ule. Dada akashika jembe, baadaye akashika kikapu cha mboga kwenda gulioni. Hana mtu wa kumshitaki na wala hajawahi kulalamika mbele yangu. Lakini mkono wake ukiandika jina lake unakwenda polepole sana, na mimi huwa naangalia pembeni.

Mimi niliingia darasa la kwanza Januari 2005. Hakuna aliyeulizwa ada. Tulikuwa wengi mpaka tukakaa wanne wanne kwenye dawati, wengine chini, mwalimu mmoja akipigana nasi kama mchungaji aliyepewa mifugo ya kijiji kizima. Lakini tulikuwa ndani. Kutoka mtaa wetu sikumbuki mtoto wa rika langu aliyebaki nje.

Nini kilitokea kati ya 1997 na 2005? Hapa ndipo dawati la uchumi linapokutana na mkeka wa nyumbani kwetu.

Mwaka 2000 Tanzania iliingizwa katika ule mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, wenyewe wanauita HIPC. Novemba 2001 tukafika hatua ya mwisho, na msamaha ulioahidiwa ulikuwa wa takriban dola bilioni 3, kwa kuhesabu malipo yote ambayo tusingelipa tena katika miaka iliyofuata. Mwaka huohuo wa 2001 serikali ikafuta ada ya shule ya msingi. Ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule MMEM uliojenga madarasa kila kona, na Benki ya Dunia ikaukopesha dola milioni 150. Januari 2006 IMF nayo ikafuta deni letu la takriban dola milioni 336.

Matokeo yake yanahesabika. Mwaka 2000 watoto 59 tu kati ya kila 100 wenye umri wa shule ya msingi ndio walikuwa darasani. Mwaka 2006 walikuwa zaidi ya 95. Idadi ya wanafunzi ilitoka milioni 4.4 ikakaribia milioni 8. Mmoja wao ndiye anayeandika maneno haya. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mashirika haya hayajawahi kumsaidia Mtanzania wa kawaida, namheshimu lakini siwezi kukubali. Mimi ni mtoto wa deni lililosamehewa.

Lakini ngoja. Kama tunaanza kushukuru, tushukuru kwa kumbukumbu kamili. Hilo deni lilitoka wapi? Na hiyo ada iliyomtoa dada yangu, ilitoka wapi?

Tanzania ilikuwa imeshawahi kufika karibu na lengo la kila mtoto kusoma. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilisema watoto wote waingie shule ifikapo 1977, na nchi ikakimbia kweli. Walimu wa UPE walioandaliwa haraka haraka, madarasa ya miti na udongo, lakini watoto waliingia. Kisha mambo yakaanguka kwa pamoja. Bei ya mafuta ilipanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, vita ya Kagera ikala fedha mwaka 1978 na 1979, na bei za mazao tunayouza nje zikawa hazitoshi kununua tunavyohitaji. IMF wakaja na masharti: shusha thamani ya shilingi, punguza matumizi ya serikali, legeza bei. Mwalimu Nyerere akagoma. Katika hotuba yake kwa mabalozi, mwaka mpya wa 1980, aliuliza tangu lini chombo hicho kimegeuka kuwa wizara ya fedha ya dunia nzima.

Tuliganda hivyo kwa miaka kadhaa, maduka yakiwa matupu. Ada na michango ya shule vilianza kurudi tukiwa bado tunavutana. Mwaka 1986, Mzee Mwinyi akiwa Ikulu, tukatia saini. Shilingi ikashushwa mwaka huo kutoka kama 17 kwa dola moja hadi 40, na haikusimama hapo. Bidhaa zilirudi madukani, hilo wazee wote wa kwetu wanakiri. Lakini falsafa mpya iliyotawala kote Afrika ilikuwa moja: huduma ichangiwe na mtumiaji. Shule mtumiaji wake ni nani? Ni mtoto wa mkulima wa kabichi. Miaka ya 1990 ikapita hivyo, serikali ikilipa madeni ya nje kwa mkono mmoja na mzazi akilipa shule kwa mkono mwingine, na madarasa yakaanza kupungua watoto.

Umeona mtego? Waliotushauri kubana matumizi katika miaka ambayo dada yangu alitoka shule ndio waliotufutia deni katika miaka ambayo mimi niliingia. Ni majengo yaleyale huko Washington. Nani hapo ni rafiki na nani ni adui?

Wazee wa kwetu walikuwa na lugha ya jambo hili kabla hata Bretton Woods haijasikika. Katika Kishambaa kuna maneno mawili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Yalitumika hasa kwa wafalme wetu wa Kilindi, wale wa ukoo wa Mbegha waliotawala kutoka Vugha. Mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman, aliyefanya utafiti milimani kwetu miaka ya 1960, ameandika sana juu ya maneno hayo. Mfalme aliaminiwa kuwa na dawa ya mvua. Dawa hiyohiyo iliyoweza kuleta mvua iliweza kuizuia. Kwa hiyo kubishana kama mfalme ni mtu mzuri au mbaya hakukuwasaidia watu. Jambo la maana lilikuwa ni hali ipi inamfanya aponye, na hali ipi inamfanya aharibu. Nchi ikiwa tulivu na mfalme mwenye nguvu akiona ni yake, mvua inanyesha. Wakubwa wakianza kushindana nguvu kwa nguvu, njaa inaingia na anayeumia ni mwenye shamba.

Hilo ndilo swali ninalotaka tulihamishie kwenye mikopo. Tuache kuuliza kama wanatusaidia au wanatunyonya. Tuulize: ni lini msaada wao unaponya, na ni lini unaharibu? Milima ya Usambara ina majibu, kwa sababu mipango ya kutuendeleza imepita kwetu mingi.

Chukua matuta. Muulize mzee yeyote wa Mlalo. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mradi wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, na baadaye ukaenezwa Usambara kwa upana zaidi. Kila mkulima achimbe matuta kwenye mteremko wa shamba lake, asiyechimba apigwe faini. Kitaalamu, mmomonyoko ulikuwepo na ulikuwa hatari. Lakini waliochimba ni akina mama, chakula hakikuongezeka, na hakuna aliyewauliza wenye mashamba. Wakagoma, TANU ikapata wanachama kwa urahisi ambao hata makatibu wake hawakuutarajia, na kufikia 1958 mradi ukawa umekufa. Miaka ya 1980 Wajerumani wakaja na mradi mwingine wa udongo na miti, maarufu kama SECAP. Hawa walianza na majani ya kulishia ng'ombe yanayopandwa kwenye kingo za shamba. Mtu anapanda majani apate maziwa, na udongo unabaki palepale kama nyongeza. Mpaka leo ukipita njia za kwetu utaona kingo za majani. Tatizo lilikuwa moja, mlima ni uleule. Tofauti ni kwamba safari hii mwenye shamba aliona faida yake mwenyewe.

Sasa linganisha na shule. Fedha za 2001 zilifanya kazi kwa sababu hazikuja kutufundisha kutaka elimu. Tuliitaka tangu Musoma, na wazazi waliitaka hata walipokuwa hawana cha kulipia. Waliotukopesha na kutusamehe waliondoa jiwe mlangoni, sisi tukaingia wenyewe. Hata hivyo mpango ule nao ulikuwa na kilema chake. Kila mwanafunzi alitengewa ruzuku ya dola 10 kwa mwaka, na mara nyingi kilichofika shuleni kilikuwa pungufu. Watoto walikuja haraka kuliko walimu na vitabu. Sisi tuliokaa wanne kwenye dawati ndio tunaojua maana ya takwimu nzuri.

Mfano wa pili ni chai, na huu ni mchungu zaidi. Katika miaka ya 1970, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, Mamlaka ya Chai ilieneza chai kwa wakulima wadogo. Kabla ya hapo chai nyingi nchini ilikuwa ya mashamba makubwa. Huko Bumbuli kukawa na kiwanda cha Mponde, kikinunua majani mabichi ya wakulima. Chai haina subira, ndugu yangu. Jani likichumwa asubuhi linatakiwa kiwandani siku hiyohiyo. Kiwanda kikisimama, mkulima hana pa kulipeleka, hawezi kulianika wala kulificha darini kama mahindi.

Ikaja miaka ya 1990 na wimbi la ubinafsishaji. Benki ileile iliyokuwa imekopesha mashirika ya umma sasa ikawa mstari wa mbele kushauri yauzwe, na kusema kweli mengi yalikuwa hoi. Mponde ikaingia mikononi mwa chama cha wakulima pamoja na mwekezaji binafsi. Kwenye karatasi ilionekana safi: mkulima ana sehemu yake, mwekezaji ana mtaji wake. Lakini mgogoro ukazaliwa juu ya umiliki, uendeshaji na bei ya jani, ukakua mpaka mwaka 2013 kiwanda kikafungwa. Serikali ilikirudisha mikononi mwake 2016, kisha mifuko ya hifadhi ya jamii ikapewa kazi ya kukifufua. Kwa miaka ile yote mashamba ya watu yaligeuka vichaka, maana mchai usipochumwa unakuwa mti.

Mwenye makosa ni nani? Sitajifanya hakimu. Ninachoona ni kwamba mkopo ulijua kujenga, na ushauri wa baadaye ulijua kuuza. Kitu kilichokosekana katikati ni chombo ambacho mkulima anakiamini, kinachoweza kuamua ugomvi kabla jani halijaoza. Hicho hakinunuliwi kwa dola na hakiandikwi kwenye masharti ya mkopo. Ni kazi yetu sisi, na pale hatukuifanya kwa wakati. Nguvu kwa nguvu, na mwenye shamba akaumia, kama wazee walivyosema.

Sasa biashara. Hapa huwa nasikia maneno matamu sana kwenye semina. Tangu 2001 Umoja wa Ulaya unaruhusu nchi maskini kabisa, sisi tukiwemo, kuuza karibu kila kitu kwake bila ushuru, isipokuwa silaha. Desemba 2005 huko Hong Kong, mkutano wa Shirika la Biashara Duniani ukakubaliana kwamba nchi tajiri zifungue milango kwa angalau asilimia 97 ya aina za bidhaa za nchi kama zetu. Desemba 2015 jijini Nairobi, mkutano wa kwanza wa aina hiyo kufanyika Afrika, wakakubaliana kukomesha ruzuku za kuuza mazao nje, zile zilizokuwa zinafanya mazao ya matajiri yauzwe kwa bei ya kutupa. Haya ni mambo makubwa, na nchi maskini ziliyapigania miaka mingi.

Lakini twende Lukozi siku ya soko. Baba yangu mdogo analima karoti, kabichi na viazi mviringo. Nilimweleza habari ya soko la Ulaya lisilo na ushuru. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama Ulaya wananunua kwa lumbesa. Tulicheka, lakini swali lake lina shule ndani yake. Kinachomla yeye si ushuru wa Brussels. Ni gunia linaloshonewa kilemba juu mpaka kilo za ziada zinakwenda bure. Ni dalali wa Dar anayempigia simu kusema soko limejaa, kumbe hajui kama ni kweli. Ni Fuso kukwama kwenye matope ya njia za ndani karoti zikinyauka. Na hata kama angetaka kupeleka Ulaya, mlango usio na ushuru una mlinzi mwingine aitwaye viwango: kipimo cha masalia ya dawa, kumbukumbu za kila shamba, cheti cha kila mwaka. Mwenye robo eka atalipia cheti kwa nini?

Na kuna bidhaa ya kwetu iliyokwenda Ulaya bila cheti wala ushuru. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alituma Ujerumani ua dogo la zambarau kutoka misitu ya Usambara. Walimpa ua hilo jina lake, Saintpaulia. Leo linauzwa vyunguni kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, na Wajerumani bado wanaliita kwa jina la milima yetu. Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992 ndio ulioweka wazi kwamba nchi ina mamlaka juu ya mimea yake. Ulichelewa karne moja. Nawaza tu: ungeweza kuulizia ua hilo pale Lushoto mjini, na vijana wenzangu wengi wasijue unazungumzia nini.

Sasa sikiliza upande wa pili. Miaka ya 2010 barabara kuu kutoka Korogwe kupitia Mombo na Mkumbara mpaka Same ilikarabatiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Baba mdogo hajui jina la mradi wala hana haja nalo. Anachojua ni kwamba Fuso ikishashuka Soni na kufika Mombo salama, mzigo hauozi njiani. Kwa mkulima huyu lami ile imefanya kazi kuliko mikutano yote ya biashara niliyowahi kuiripoti. Sisemi mikutano haina maana. Nasema msaada wa biashara unaanza kwenye barabara ya kutoka shambani na kwenye mizani ya haki, ndipo uende Geneva.

Nimalizie na la juzijuzi. Mwaka 2021 IMF ilitupa mkopo wa dharura wa dola milioni 567.25 kwa ajili ya UVIKO. Serikali ikauita Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa, ile trilioni 1.3 mliyoisikia mpaka mkachoka, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000, yakiwemo 12,000 ya sekondari. Januari 2022 watoto wakaingia kidato cha kwanza wote kwa mkupuo mmoja. Miongoni mwao alikuwemo binti wa dada yangu, yule dada aliyetoka darasa la tano. Nimeliona darasa lake. Lina sakafu safi, madawati mapya, dirisha linatazama milima ya Magamba.

Siku hizohizo Spika wa Bunge wakati ule, Job Ndugai, alihoji hadharani mwenendo wa kukopa, akionya kwamba iko siku nchi itapigwa mnada. Akaomba radhi, na tarehe 6 Januari 2022 akajiuzulu. Kijiweni tulibishana wiki nzima kuhusu siasa yake: nani kamponza, nani anataka kiti. Sikumsikia mtu hata mmoja akiuliza ratiba ya kulipa ikoje na kwa mapato gani. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi kuliko IMF wenyewe.

Kwa sababu darasa lile ni mkopo. Si zawadi, si sadaka. Atakayelilipia ni binti yule akishaanza kukatwa kodi, na mimi ninayekatwa sasa. Likizaa wauguzi, mafundi na wakulima wanaojua kusoma mkataba, deni litakuwa limejilipa. Likibaki darasa zuri lisilo na mwalimu wa hesabu, tutakuwa tumenunua kuta kwa dola.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijiwe ni hili. Mashirika haya yanasaidia, nami ni ushahidi. Pia yameumiza, na ushahidi wake ni mwandiko wa dada yangu. Yanaponya pale yanapotuondolea mzigo ili tufanye jambo tunalolitaka wenyewe na tunalojua kulisimamia. Yanaharibu pale mpango unapokuwa wao, hasara ikawa yetu, na katikati hakuna anayeweza kuulizwa. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo haiko Washington wala Geneva. Iko Dodoma, iko kwenye baraza la madiwani, iko kwenye mkutano wa kijiji ambao wasomi wengi hatuendi kwa kuwa eti hauna posho.

Ukisikia mkopo mpya umetiwa saini, usianze na kupiga makofi wala kuzomea. Uliza manne tu: nani aliuomba, unajenga nini, nani atausimamia fedha zikishaisha, na utalipwa na nini. Mimi nimeamua kwamba kuanzia sasa kila habari ya mkopo nitakayoiandika itakuwa na majibu ya maswali hayo, au angalau itasema nani alikataa kuyajibu. Mhariri akate aya nyingine, hizo nitampigania.

Wewe unaonaje? Huko kwenu ni kipi kilijengwa kwa mkopo, na leo kiko katika hali gani?